Wili alaimenti baada ya kubadilisha vipuri vya mbele: huduma ya karakana moja ya Shimanzi

Karakana hii, iliyo kati ya maghala na yadi za malori za Shimanzi, Mombasa, inastahili sifa kwa jambo moja lililo kubwa kuliko mengine yote: mafundi wake hawaigusi mashine ya alaimenti (ya kupima na kunyoosha magurudumu) kabla hawajalikagua gari kwa mikono. Mashine za kompyuta za kazi hii zimeenea Mombasa, na nyingi hutoa karatasi safi yenye tarakimu za kijani, yaani vipimo viko sawa. Lakini gari lililotoka kubadilishwa shokabsoba (vizuia mitikisiko), bushi (mipira ya maungio), boljointi (viungo vya duara) au rodi endi (viungo vya mwisho wa rodi za usukani) linahitaji kwanza mtu wa kuuliza ni nini kilichobadilishwa, kilifungwa vipi, na kama kila kipuri kimekaa mahali pake.

Gari nililolipeleka ni Toyota Fielder. Lilikuwa limefungwa shokabsoba mpya mbili za mbele, mikono ya chini (vyuma vinavyoyashika magurudumu kwa chini) pamoja na bushi zake, na rodi endi za pande zote mbili. Kazi hiyo ilifanywa na fundi mwingine, na baada yake gari likapitishwa kwenye mashine ya alaimenti mahali pengine. Usukani ulinyooka na karatasi ikaonyesha kwamba tou, yaani mwelekeo wa magurudumu ya mbele, imerekebishwa, ila gari liliendelea kuvuta kushoto, na hata kwenye barabara tambarare usukani ulihitaji kushikiliwa wakati wote ili gari lisihame njia yake.

Vipimo vikuu vya magurudumu ya mbele ni vitatu, na kila kimoja kina dalili zake. Tou ni namna magurudumu mawili yanavyoelekeana ukiyatazama kutoka juu; ikiharibika, tairi hulika upesi na kingo za kashata zake huwa kali upande mmoja, na usukani unaweza kukaa upande, lakini kwa kawaida tou peke yake hailifanyi gari livute. Kemba ni mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje ukilitazama kutoka mbele, na gari huvuta upande ule ambao sehemu ya juu ya gurudumu imeelemea nje zaidi kuliko mwenzake. Kasta ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, ukiutazama kutoka ubavuni, na hapo gari huvuta upande wenye kasta ndogo zaidi. Kwa hiyo mteja anapolalamika kwamba gari linavuta, kisha fundi akageuza rodi endi peke yake na kumkabidhi karatasi, lalamiko lenyewe bado halijaguswa.

Fundi wa Shimanzi alilielewa hilo bila kuelezwa. Alianza kwa kupima upepo wa tairi zote nne, kisha akabadilishana tairi mbili za mbele, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia ikaja kushoto, akaliendesha gari kidogo. Sababu ni kwamba tairi yenyewe inaweza kuwa na hitilafu ya ndani inayolivuta gari. Kama mvuto ungehamia upande wa pili, kosa lingekuwa la tairi. Mvuto haukuhama. Hatua hii haina gharama yoyote, na inasikitisha kwamba karakana nyingi huiruka na kumwacha mteja akinunua vipuri visivyohitajika.

Baada ya hapo gari lilipandishwa kwenye lifti. Katika magari ya aina hii, shokabsoba hushikana na kifundo kinachobeba gurudumu kwa bolti mbili, na matundu ya bolti hizo huwa na nafasi ndogo. Nafasi hiyo, hata ikiwa ndogo kiasi gani, hutosha kulilaza gurudumu ndani au nje kulingana na jinsi kifundo kilivyokuwa kimening'inia wakati nati zinakazwa. Upande wa kushoto wa gari langu ulikazwa kifundo kikiwa kimeelemea nje, na upande wa kulia kikiwa kimeelemea ndani. Mashine ilipowekwa, tofauti ya kemba kati ya pande hizo ilizidi digrii moja, ilhali inatakiwa isizidi takriban nusu digrii hadi robo tatu. Karatasi ya mahali pa kwanza ilikuwa na tofauti hiyohiyo, imechapishwa waziwazi, na hakuna aliyeizungumzia.

Jibu ambalo wengi hupewa Mombasa ni kwamba kemba ya magari haya haina marekebisho. Ni kweli kwamba hakuna skrubu iliyowekwa kwa kazi hiyo, lakini haimaanishi kwamba haiwezi kusogezwa. Fundi alilegeza bolti mbili za shokabsoba, msaidizi wake akalisukuma gurudumu ndani kwa juu na kulishikilia, nati zikakazwa kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), kisha kipimo kikasomwa upya. Kama nafasi ya matundu isingetosha, Toyota wenyewe hutengeneza bolti za kubadilisha zenye shina jembamba zaidi, zilizotiwa alama za nukta kichwani kuonyesha kiasi cha kusogea. Hazikuhitajika kwa gari langu. Nilifurahi kuona kwamba alizijua na kwamba alikuwa nazo dukani.

Jambo la pili alilolibaini lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Bolti za bushi za mikono ya chini zilikuwa zimekazwa gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yakining'inia. Bushi ya mpira hushikana na kiini chake cha chuma, na ikikazwa hivyo, mpira hujisokota mara tu gari linaposhushwa chini. Hubaki umejisokota siku zote, hulinyanyua gari kidogo upande huo, na hupasuka mapema kwa kila tuta na kila shimo. Mtu anayevuka feri ya Likoni kila siku, ambako gari hushuka na kupanda ngazi ya chuma mara kadhaa, hataona bushi kama hiyo ikidumu. Katika karakana hii, kabla ya vipimo kuchukuliwa, gari lilishushwa juu ya majukwaa ya mashine likabeba uzito wake wote, bolti zikalegezwa, gari likatikiswa mbele na nyuma ili likae, ndipo zikakazwa tena. Haifai kabisa kupima gari kabla ya kufanya hivyo, kwa kuwa kimo cha gari kikibadilika, kemba na tou nazo hubadilika.

Tou ilikuja mwisho, na huo ndio mpangilio sahihi, maana kuisogeza kemba huibadilisha tou kila mara. Usukani ulifungwa ukiwa umenyooka, kisha rodi endi zikarekebishwa kushoto na kulia kwa kiasi kinachokaribiana, badala ya kuzungusha upande mmoja tu mpaka mashine iridhike. Hapa chumvi ya bahari ilijionyesha. Rodi endi zilikuwa mpya, lakini rodi za ndani za usukani zilizoachwa zilikuwa na kutu kwenye nyuzi zake, kama yalivyo magari mengi ya pwani, na fundi ilimbidi azipake mafuta ya kulegeza kutu na kusubiri kwa subira. Kwingine nimeona nati hizi zikigongwa kwa nyundo hadi nyuzi zikaharibika. Alipomaliza alizipaka grisi, jambo ambalo halikuwemo kwenye malipo.

Jaribio la barabarani lilifanywa kwa makini yaleyale. Huku kwetu huendeshwa upande wa kushoto, na barabara nyingi huinamia kushoto kidogo ili maji ya mvua yatiririke, hivyo hata gari lisilo na kasoro linaweza kuelea taratibu upande huo likiachiliwa. Isitoshe, katika sehemu kadhaa za barabara zinazopitiwa na malori ya makontena, malori hayo yamechimba mifereji kwenye lami, na mifereji hiyo hulivuta gari lolote. Fundi hakutaka gari lihukumiwe huko. Tulikwenda kipande kilichonyooka chenye lami nzuri, akaliendesha pande zote mbili za barabara pale ambapo palikuwa salama, akatazama kama mvuto unafuata mwinamo wa barabara au unatoka kwenye gari. Gari lilikwenda sawasawa, usukani ukiwa katikati, na ukikata kona unarudi wenyewe.

Kasoro zipo, na ni haki zitajwe. Pa kukaa ni benchi moja chini ya bati, na wakati wa adhuhuri joto la Shimanzi pamoja na vumbi la malori ni adha kubwa, hasa kwa mtu aliyekuja na watoto au mzee. Magari yanayohudumiwa ni madogo tu. Mwenye gari la mizigo atarudishwa. Magari mapya mengi yenye mfumo wa kuzuia kuteleza huhitaji kipima pembe cha usukani kirudishwe kwenye sifuri kwa kifaa cha kompyuta baada ya alaimenti, na karakana hii haina kifaa hicho. Walisema hivyo wenyewe kwa mteja aliyekuwa mbele yangu, wakamwelekeza kwingine badala ya kumchukulia pesa. Kero kubwa kwangu ni karatasi. Mashine huhifadhi vipimo vya kabla na vya baada, lakini wao hukupa vya baada peke yake usipodai, na bila vya kabla mteja hawezi kujua kilichokuwa kibaya wala kumwonyesha fundi aliyefunga vipuri.

Nililipa shilingi 2,500, nyingi kidogo kuliko nilizolipa pale pa kwanza, na ndani yake mlikuwa na ukaguzi, kulegeza na kukaza upya bushi, marekebisho ya kemba na ya tou, na safari ya majaribio. Kwa gari ambalo halijaguswa vipuri na linahitaji kutazamwa tou tu, sioni haja ya kuacha karakana ya karibu na nyumbani kuja mpaka huku. Kwa gari lililofunguliwa mbele, sijaona Mombasa mahali panapofanya kazi hii kwa uangalifu zaidi.

Anayetaka kwenda afike asubuhi ya siku ya kazi, kwa kuwa Jumamosi foleni hufika barabarani na mafundi hawana nafasi ya kulikagua kila gari kwa kirefu. Aende bila mizigo mizito kwenye buti, awe na orodha ya vipuri vilivyofungwa, na aiombe ile karatasi ya vipimo vya kabla mapema, mashine ikiwa bado imefungwa kwenye magurudumu.