Boti ya Upepo ya Kuvulia kwa Flai Mto Nile: Ipi Ununue, Ipi Uache

Pontuni, boti za upepo za mvuvi mmoja, nyingi zinazouzwa mtandaoni zilibuniwa kwa mito ya trauti ya magharibi mwa Marekani, kama Madison kule Montana. Huko maji yanayopita ni makumi ya mita za ujazo kwa sekunde, na sehemu nyingi mvuvi akitaka hushuka akasimama, maji yakamfika mapajani. Nile inapotoka Ziwa Victoria hapo Jinja, Uganda, hupitisha kama mita za ujazo elfu moja kwa sekunde, na mwaka ambao ziwa limejaa, kama 2020, hupitisha zaidi sana ya hapo. Hakuna pa kusimama. Anayenunua kwa kufuata sifa alizosoma kwa wavuvi wa Montana ananunua boti ya mto mwingine.

Kwa asiyeijua, pontuni ni maboya mawili marefu ya hewa, juu yake fremu ya chuma au alumini, kiti kimoja katikati, makasia mawili, na nyuma pahali pa kuning'iniza nanga. Mvuvi hukaa miguu ikiwa majini, kavaa mapezi ya mpira. Mikono ikishika fimbo, miguu ndiyo injini na ndiyo usukani. Huo ndio werevu wake wote, na ndipo shida yetu inapoanzia. Kichocho kipo Nile, hasa kando kando penye majani na maji yaliyotulia, wanakokaa konokono wake, na huko huko ndiko mtu hupenda kuegesha boti atupe flai, kile chambo bandia chepesi cha manyoya na nyuzi. Katikati ya mto, ambako hofu ya kichocho hupungua, mkondo una nguvu na mapezi hayafui dafu.

Kwa hiyo mimi hupanga boti hizi kwa swali moja: ukiwa unavua, miguu yako iko wapi? Bei, rangi na idadi ya mifuko huja baadaye.

Ya kwanza: rafti ndogo ya watu wawili

Namba moja si pontuni. Ni rafti ya futi 11 hadi 13, yenye sakafu ya hewa iliyotobolewa pembeni ili maji yanayoingia yatoke yenyewe, pamoja na fremu ya kupigia makasia. Mmoja anapiga makasia, mwenzake anavua, kisha mnabadilishana. Kuvua kwa flai kunataka mikono yote miwili: mmoja unarusha fimbo, mwingine unavuta mshipi. Ukiwa peke yako kwenye mkondo wa Nile, kila dakika unayovua ni dakika ambayo hakuna anayeongoza boti. Na sangara mkubwa akiimeza flai ndiyo basi kabisa, maana yeye ndiye atakayechagua njia.

Ubaya wake ni uzito na fedha. Rafti ya aina hii na fremu yake hupita kilo 60 kwa urahisi, na mpya hugharimu maelfu ya dola kabla ya usafiri. Bodaboda haibebi. Inataka pikapu, au taksi ambayo konda wake amekubali mapema kukuuzia viti viwili vya nyuma. Lakini tazama wanaoishi na mto huu kila siku: kampuni za kushusha watalii kwenye mikondo ya Jinja hutumia rafti, ndefu kuliko hii. Pitia kwao uulize kama kuna ya zamani wanayoitoa. Yenye viraka vitatu vilivyobandikwa vizuri ni bora kuliko pontuni mpya ya bei rahisi.

Ya pili: pontuni ya futi 9 au 10, iliyobadilishwa kidogo

Kama huna mwenza wa kudumu, au stoo yako ni kona ya chumba, pontuni inafaa, ila chagua kwa macho makali. Chini ya futi 9 usiende. Zile za futi 8 huelea vizuri mchana wa tangazo, lakini mtu wa kilo 85 na sanduku la flai, maji ya kunywa na nanga akikaa, maboya yanazama nusu na boti inageuka nzito kama gogo.

Tafuta fremu yenye vyuma vya kukanyagia vilivyo juu ya maji, tena virefu vya kutosha magoti yako yasikunjane. Hapo miguu inakaa kavu na boti unaiongoza kwa makasia, kama inavyotakiwa. Makasia yanayokuja na pontuni za bei ya chini huwa mafupi, vipande viwili vya alumini vinavyounganika kwa kitufe. Weka fedha pembeni ya makasia ya futi 7. Angalia pia vishwara vya kushikia makasia: viwe vya chuma na viwe na kizuizi, kasia lisichomoke mkono ukiliachia.

Kisha kaa kitini, boti ikiwa bado sebuleni, ujifanye unavua. Kila skrubu iliyochomoza, kila buckle na kila kona ya fremu itanasa mshipi wa flai, na itanasa wakati samaki anakimbia. Boti nzuri ina kitambaa kama aproni mbele ya kiti, mshipi unaangukia humo. Isiyo nacho, mshonee. Fundi yeyote wa mahema atakushonea kwa turubai.

Kampuni ya Outcast ya Idaho ina jina la siku nyingi katika pontuni. Zipo pia za viwanda vya China zisizo na jina, na si zote mbaya. Pontuni ya kawaida utaipata kwa mamia ya dola, lakini nauli ya ndege hupigwa kwa kilo, na boti ya kilo 35 si mzigo mdogo. Juu yake ongeza ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Anayekuambia bei bila hayo hajakuambia bei.

Ya tatu: boti ya mtu mmoja yenye umbo la kiatu cha farasi

Hii haina fremu. Ni bomba moja nene lililozunguka, kiti ndani, makasia pembeni. Water Master ya kampuni ya Montana ndiyo inayojulikana zaidi. Nyepesi, inaingia kwenye begi la mgongoni, na inapanda bodaboda bila ugomvi. Kwenye ziwa la bwawa la Bujagali, ambalo tangu 2011 limefunika maporomoko ya zamani, au juu ya bwawa la Isimba palipotulia, ni raha kuitumia. Nimeiweka ya tatu kwa sababu katikati iko wazi, miguu inarudi majini, na bei yake si ya unyenyekevu wake.

Za kuacha

Boya la kukaa ndani, lile ambalo kiuno kizima kiko majini, usinunue kwa mto wowote wa Uganda. Kichocho peke yake kinatosha, bado hujafika kwa mamba na kiboko. Boti za plastiki za kuogelea watoto, zenye picha ya familia inayocheka kwenye boksi, ziache kwenye bwawa la hoteli.

Na kuna mahali ambapo hakuna boti ya upepo inayofaa, hata ya dola elfu tano. Chini ya maporomoko ya Murchison sangara ni wakubwa na taiga, samaki wenye meno makali, wapo, lakini mamba na viboko wamejaa. Huko pata kibali cha uvuvi cha Uganda Wildlife Authority, mamlaka ya wanyamapori, vua ukingoni na mwongozaji, au kodi boti ngumu. Vivyo hivyo maporomoko ya Itanda: ule mkondo si wa pontuni, ubebe boti uzunguke kwa miguu.

Kitambaa na upepo

PVC ya milimita 0.9 au zaidi, mishono iliyoyeyushwa kwa joto, si ya gundi. Jua letu hulegeza gundi ya PVC pole pole, na boti iliyoshonwa kwa gundi huanza kufunguka kwenye pembe. Kitambaa cha mpira wa aina ya Hypalon kinavumilia jua kuliko PVC, ila bei hupanda. Vyumba vya hewa visipungue viwili kila upande kama unaweza kumudu. Kimoja kikitoboka, kingine kinakurudisha nchi kavu.

Pontuni hujazwa kwa shinikizo la psi 2 hadi 3 tu. Usiipeleke kwa kijana wa kujaza matairi, mashine yake itaipasua kabla hajaachia kitufe. Tumia pampu ya mguu. Asubuhi jaza, ishushe majini, uongeze, kwa kuwa maji baridi hupunguza upepo. Ukiipandisha ukingoni saa saba mchana, toa kidogo, la sivyo jua litaivimbisha. Na sulusheni ya matairi haishiki PVC. Agiza gundi yake pamoja na boti.

Kabla ya kulipa

Nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya yako, iwe Jinja, Buikwe au Kayunga, umweleze unachotaka kuleta. Wanajeshi walipopewa kazi ya kulinda uvuvi mwaka 2017, boti nyingi zilizo chini ya futi 28 zilikamatwa Ziwa Victoria, na yako haifiki nusu ya hapo. Kiswahili kitakusaidia kumsalimia afande vizuri, lakini hakigeuki kibali. Karibu na mabwawa ya umeme usisogee kabisa: milango ikifunguliwa maji hupanda haraka.

Jaketi la kujiokoa nunua siku moja na boti, si mwezi ujao. Nanga itumie kwenye maji yaliyotulia tu, na kisu kiwe kifuani, maana kamba ya nanga iliyonasa kwenye mwamba mkondoni huvuta nyuma ya boti chini. Boti ikifika, ijaze nyumbani, paka maji ya sabuni kwenye mishono na vali, uiache usiku kucha. Ikiamka imelegea, mrudishie muuzaji kabla hujaigusisha maji.