Fort Bowie, Arizona: ngome ya kufuatwa kwa miguu

Nianze na onyo. Kama unatafuta ngome yenye mnara, lango kubwa na mizinga ukutani, Fort Bowie siyo. Utakachokuta ni mabaki ya kuta za matofali mabichi, mengi hayakufiki hata kifuani, yamepakwa lipu ili mvua isiyamalize. Jeshi la Marekani lilihama hapo mwaka 1894, watu wa maeneo ya jirani wakang'oa mbao wakaenda kujengea kwao, mvua ikamalizia kazi. Hata hivyo naipa nyota nne kwa tano, na karibu zote nimezitoa kwa sababu ya njia ya kufika.

Kutoka Tucson ni kama saa mbili kwa barabara kuu ya I-10 hadi kimji cha Bowie, halafu unakata kusini kuelekea milimani, mwisho mwisho ni vumbi. Gari unaliacha kwenye maegesho na ngome huioni bado. Unatembea kilomita mbili na nusu hivi kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Kiingilio hakuna. Mwenye mzazi asiyeweza kutembea awasiliane na ofisi ya hifadhi kabla ya siku, kuna utaratibu wa kumfikisha kwa gari.

Shemeji yangu, ambaye mimi ndiye niliyemshawishi, alipoona zile kuta kwa mbali alisimama akanigeukia: "Shem, yaani jua lote hili tumekuja kuona vichuguu?" Sikumlaumu. Ila yeye alikuwa ametembea kwa haraka, vibao vyote vya njiani kavipita.

Na uhondo uko njiani. Kwanza unapita msingi wa mawe wa kituo cha Butterfield, kampuni iliyosafirisha barua na abiria kwa magari ya farasi kuanzia 1858. Karibu na hapo, Februari 1861, luteni kijana aitwaye George Bascom alimwita hemani Cochise, kiongozi wa Chiricahua, kundi mojawapo la Waapache, wenyeji wa asili wa eneo hili, akamtuhumu kwamba ameteka mtoto na kuiba mifugo. Cochise akakana, na kweli mtoto alikuwa amechukuliwa na Waapache wa kundi jingine. Luteni akang'ang'ana kumzuia. Cochise akachomoa kisu, akachana hema, akapotelea mlimani. Jamaa zake waliobaki wakashikwa, naye akakamata wasafiri ili wabadilishane. Hawakuelewana, mateka wakauawa huku na huku, na ndugu wa Cochise akanyongwa. Vita iliyozuka ilikwenda hadi 1872. Nilibaki pale muda mrefu nikiangalia majani makavu na vichaka vya miiba, hakuna kitu kingine, na sehemu ile ndiyo iliyonikaa kuliko ngome yenyewe.

Makaburini askari wengi hawapo, walihamishiwa San Francisco mwaka 1895. Waliobaki ni raia, pamoja na watoto wa Kiapache. Kibao kimoja cha mbao kimeandikwa Little Robe, mwana wa Geronimo (kiongozi wa vita wa Waapache), umri miaka miwili, Septemba 1885. Hapo hata shemeji aliacha mzaha.

Halafu chemchemi. Ukisoma historia ya vita utadhani ni mto. Ni maji membamba, unene wa kidole, yanachuruzika kati ya mawe chini ya miti, na nyuki wametua kwenye tope. Basi kwa ajili ya maji hayo, tarehe 15 Julai 1862, askari wa kujitolea kutoka California waliokuwa wametembea zaidi ya kilomita 60 bila kuona maji walipigana na watu wa Cochise na wa Mangas Coloradas, kiongozi mwingine wa Waapache, waliokuwa wamejibanza kwenye miamba ya juu. Mizinga midogo ndiyo iliyowafungulia njia. Mwezi haujaisha, ujenzi wa ngome ukaanza. Hapakuwa na mji wa kulinda. Walikuwa wanalinda maji na njia. Ukifika pale koo limekukauka, huhitaji mtu wa kukueleza.

Ngome kubwa ya pili, ya 1868, iko juu zaidi, imezunguka uwanja wa gwaride wenye mlingoti wa bendera. Septemba 1886, baada ya kujisalimisha, Geronimo na watu wake walitolewa hapa kwa magari ya farasi hadi stesheni ya treni, kwenda kifungoni Florida, bendi ya jeshi ikiwapigia wimbo wa kuagana. Kejeli hiyo sijui aliiamua nani. Kibaya zaidi, hata Waapache wa Chiricahua waliolitumikia jeshi kama waongoza njia walifungwa pamoja nao, na Geronimo alikufa 1909 angali mfungwa.

Nyota moja nimeipunguza kwa ajili ya lipu. Naelewa bila hiyo kuta zingeshakuwa matope, ila inaficha matofali kiasi kwamba unaona umbo tu, mkono wa mjenzi huuoni.

Nendeni kati ya Novemba na Machi. Kiangazi jua ni kali mno, na kuanzia Julai mvua za radi huja mchana bila hodi. Bebeni maji ya kutosha, vaeni viatu vilivyofunika mguu kwa sababu ya nyoka, na wakati wa kurudi msifuate njia mliyojia. Piteni ile ya mgongo wa kilima: inapanda kidogo, lakini kutoka juu unaona mpangilio wote wa ngome, vyumba, mazizi na uwanja.