Kifurushi cha kuokea biskuti za mbwa: kalibu imara, kijitabu kisichotosheleza

Kifurushi hiki kina vitu vitatu: pakiti ya unga wa ngano isiyokobolewa uliochanganywa na unga wa mchele, kalibu ya silikoni yenye vishimo vya umbo la mfupa, na kijitabu cha mapishi. Kimekusudiwa mfugaji anayetaka kumwokea mbwa wake vitafunio kwa mikono yake mwenyewe, akijua kila kinachoingia ndani. Nimekitumia vya kutosha kuweza kusema kwamba kalibu na unga ni vya kuridhisha, ilhali kijitabu kina mapungufu ambayo siwezi kuyafumbia macho, kwa kuwa yanagusa uhai wa mnyama.

Silikoni ya kalibu ni nene, haishiki harufu baada ya kuoshwa, na biskuti huchomoka kwa kusukumwa kwa kidole kutoka chini bila kalibu kupakwa mafuta. Vishimo vyake ni vidogo, na huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu mbwa anayefundishwa kukaa au kuja anapoitwa hupewa zawadi mara nyingi katika muda mfupi, na biskuti kubwa ingemshibisha kabla somo halijakolea. Kalibu ikishajazwa hulegea katikati inapoinuliwa, hivyo ni lazima iwekwe juu ya sinia la chuma kabla ya kuanza kujaza.

Kijitabu kinaelekeza kuoka kwa dakika 15 katika nyuzijoto 180 za Selsiasi, na muda huo hautoshi. Upande wa chini, uliolala ndani ya kalibu, haupati hewa ya kuukausha. Ukiivunja biskuti iliyotolewa wakati huo utaona kitovu chenye rangi nzito kuliko kingo, kinachobonyea kidole kikigusa, na unyevu huo ndio unaoalika ukungu, maana hakuna kihifadhi chochote ndani yake. Njia iliyonifaa ni kuzichomoa biskuti zikishashikamana, kuzipanga moja kwa moja juu ya sinia, kuzirudisha ovenini hadi zibadilike rangi kidogo, kisha kuzima moto na kuziacha humo humo mpaka oveni ipoe kabisa. Zikikauka sawasawa huvunjika kwa mlio mkavu, na rangi yake huwa moja tangu ukingoni hadi katikati. Anayependelea kuziacha laini, hasa kwa ajili ya mbwa mzee mwenye meno mabovu, aziweke kwenye friji na kuzimaliza ndani ya siku chache, au azigandishe na kuyeyusha anazohitaji tu.

Kuhusu unga, nimefurahi kuona kwamba hauna chumvi, sukari wala hamira. Hamira haina kazi katika biskuti ya mbwa, na unga mbichi wenye hamira ni hatari akiula, kwani huendelea kuumuka tumboni na kutoa kileo kinachoingia katika damu. Wapo wanaodai kwamba nafaka ni chakula kigeni kwa mbwa, lakini utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni la kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu (wolf), ambao ndio asili yao. Hata hivyo, wapo mbwa wenye mzio wa ngano, na kwao unga huu haufai.

Sasa kijitabu. Kinaonya dhidi ya chokoleti kwa herufi kubwa, na hapo kimefanya vyema, lakini kikaishia hapo. Pishi lake la kwanza linataka siagi ya karanga bila kumwambia msomaji asome kwanza maandishi ya kopo. Baadhi ya siagi za karanga hutiwa utamu wa zailitoli, ambayo katika orodha ya viambato huweza kuandikwa kwa namba E967. Kiambato hicho hakimdhuru binadamu, lakini mbwa akikila kongosho lake humwaga insulini kwa wingi, sukari ya damu ikashuka ghafla, mara nyingi ndani ya saa moja, na mnyama akaanza kutapika, kupepesuka na hata kushikwa na degedege. Kipimo kikubwa zaidi huharibu ini. Sentensi moja tu katika kijitabu ingetosha kumkinga mbwa na janga hilo.

Pishi jingine linapendekeza unga wa kitunguu saumu ili kuongeza harufu. Vitunguu vya jamii hiyo, iwe saumu au maji, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na vikikaushwa na kusagwa nguvu yake hukolea zaidi. La tatu linaruhusu kuongeza "matunda makavu upendayo", maneno ambayo mpishi yeyote atayaelewa kuwa yanajumuisha zabibu kavu, nazo zinaweza kuzifanya figo za mbwa zishindwe kazi hata kwa kiasi kidogo. Mwandishi wa mapishi hayo, nadhani, alikuwa na mlaji wa kibinadamu akilini.

Vilevile hakuna neno lolote kuhusu kiasi cha kumpa mnyama. Madaktari wa wanyama hushauri kwamba vitafunio vyote kwa jumla visizidi asilimia 10 ya kalori anazohitaji mbwa kwa siku, na kwa mbwa mdogo kiwango hicho hufikiwa upesi mno, hususan pale kila mtu nyumbani anapompa chake bila kuwauliza wengine.

Kwa hiyo mapishi ya kijitabu nimeyaweka kando. Huchanganya vikombe 2 vya unga, yai 1 na nusu kikombe cha boga lililochemshwa na kupondwa bila viungo, nikiongeza maji kidogo kidogo hadi donge liache kunata mikononi. Boga hulainisha mchanganyiko, na mbwa wengi hulipenda.

Kwa mfugaji anayeanza, kifurushi kizima kinafaa, mradi asifuate kijitabu. Kwa yule ambaye tayari ana unga anaouamini, kalibu huuzwa pia peke yake, na hiyo ndiyo ninayomshauri anunue.