Uzoefu wangu: siku nzima Ziwa Ngosi na mwongozaji mwenyeji wa Isongole

Huduma ninayoieleza hapa ni matembezi ya kwenda Ziwa Ngosi, katika safu ya milima ya Uporoto mkoani Mbeya, nikiongozwa na kijana mwenyeji niliyempata palepale kijijini Isongole. Nimekwenda huko kiangazi na nimekwenda pia wakati wa mvua. Wengi wanaouliza habari za Ngosi huelezwa kwamba ni safari ya asubuhi tu, ya kupanda, kupiga picha na kushuka, ndiyo maana nimeona nieleze kwa kirefu kwa nini ziwa hili linastahili siku nzima, na kwa nini ujira wa mwongozaji ndiyo fedha niliyoitoa kwa moyo mweupe kuliko nyingine zote katika safari ile.

Kufika si kazi. Ukitoka Mbeya mjini unapita Uyole, unashika barabara ya lami iendayo Tukuyu na Kyela, na unashuka Isongole. Magari ya abiria ni mengi tangu alfajiri. Kutoka barabara kuu hadi mwanzo wa msitu kuna kilometa kadhaa za njia ya udongo ambayo bodaboda huipanda bila shida wakati wa kiangazi, lakini masika hugeuka tope na abiria huteremshwa njiani amalizie kwa miguu. Mimi napendekeza uitembee yote hata kama njia ni kavu, kwa sababu sehemu hiyo inayopita katikati ya mashamba ya viazi mviringo ndiyo inayokueleza ziwa limetoka wapi.

Mahali ambapo njia imekatwa kwenye kilima, ukuta wa udongo unaonyesha matabaka: juu udongo mweusi wa shamba, chini yake mkanda mpana wa mawe madogo ya kijivu yenye vitundu vingi. Mwongozaji wetu alichomoa jiwe moja la ukubwa wa ngumi, akaomba ruhusa kwa mama aliyekuwa akiosha viazi kando ya njia, akaliweka ndani ya ndoo yake ya maji. Likaelea. Mama yule hakushangaa hata kidogo, maana watoto wake huyachezea mawe hayo kila siku, lakini sisi wageni tulisimama tukilitazama. Hayo ni mawe yaliyorushwa na volkano za milima hii, na Ngosi ni mojawapo ya volkano hizo. Mlima wa Ngosi ulilipuka, ukatoa kiasi kikubwa cha majivu na mawe mepesi ya namna hiyo, kisha kilele chake kikadidimia ndani na kuacha shimo lenye upana wa kilometa tatu hivi, ambalo ndani yake maji ya mvua yamekusanyika. Wataalamu wa volkano wanakadiria kwamba mlipuko wa mwisho ulitokea katika karne ya 15, muda ambao kwa umri wa mlima ni mfupi sana. Rutuba inayowafanya wakulima wa Isongole wajaze malori ya viazi inatokana na majivu ya volkano hizo, na nafurahi kwamba nilielezwa jambo hilo shambani, nikiwa nimelishika jiwe mkononi.

Msitu unaanza ghafla. Unatoka kwenye jua la shambani na kuingia kwenye kivuli chenye unyevu, chini ya miti mikubwa iliyofunikwa kuvu na kangaga, na kwa hatua za kwanza kijia ni cha kupanda polepole tu, kisha kinaanza kuinuka kwa ukali hadi unalazimika kutumia mikono. Kuna sehemu za mianzi na sehemu za migomba mwitu yenye majani mapana kuliko ya migomba ya Tukuyu. Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona. Safu hii ya milima ina kinyonga wake mwenye pembe tatu, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika nyanda hizi za juu kusini, na kama ningekwenda bila mwenyeji ningempita bila kujua, kwa kuwa alikuwa ametulia kwenye tawi lililo usawa wa bega langu, kijani juu ya kijani. Mwongozaji hakumgusa wala hakuturuhusu tumguse. Alituonyesha jinsi kila jicho lake linavyogeuka peke yake, kisha akatuhimiza tuendelee na safari. Adabu ya namna hiyo kwa kiumbe cha msituni sijaikuta kila mahali ninapotembea.

Upandaji wenyewe huchukua saa moja au zaidi kidogo kwa mtu wa kawaida. Wenye haraka hufika ukingoni wakihema, wakakuta ukungu mzito, wakageuka na kusema kwamba hakuna cha kuona. Sisi mwongozaji alituambia, “Mama, kaeni, lisikusumbueni wingu, litaondoka lenyewe.” Tulikaa tukala chapati na viazi vya kuchemsha tulivyobeba kutoka kijijini, na wingu likaondoka kwa vipande: kwanza ukuta wa msitu ulio ng’ambo, kisha ufukwe, kisha maji yenyewe, ya kijani kizito, yakiwa mbali sana chini ya miguu yetu. Waongozaji husema kwamba ukilitazama kutoka ukingoni ziwa lina umbo la ramani ya Afrika, nami baada ya kulizunguka kwa macho mara kadhaa nimekubaliana nao. Hakuna mto unaoonekana kutoka ndani yake, kwa kuwa kuta za kasoko, yaani lile shimo la volkano, zimelizingira pande zote. Bila mtu wa kukushawishi usubiri, unaweza kupoteza safari nzima kwa ajili ya nusu saa.

Kuhusu kushuka hadi majini, nawaomba wasomaji wanisikilize vizuri. Ni mteremko mkali wa kwenda chini mita zaidi ya 200 kwa kijia chembamba chenye mizizi na udongo unaoteleza, na kurudi ni kugumu kuliko kushuka. Kiangazi nilishuka, nikifuata maelekezo neno kwa neno: “Hapa shika mzizi, mama, usishike tawi, tawi linadanganya.” Wakati wa mvua mwongozaji yuleyule alikataa katakata kutushusha, ingawa mmoja wetu alikuwa tayari kumwongezea fedha papo hapo. Huo ndio uaminifu ninaoulipia. Ilikuwa kinyume kabisa na mwandaaji mmoja wa safari niliyezungumza naye mjini, aliyetaja bei kubwa mara kadhaa kuliko niliyolipa kijijini, akaahidi kutufikisha majini msimu wowote, na nilipomuuliza ni nani atakayetuongoza msituni akanijibu kwamba dereva anaijua njia.

Jambo jingine ambalo mwenyeji pekee ndiye atakufundisha ni heshima ya mahali. Kwa wazee wa huku Ngosi ni ziwa lenye nguvu zake na dawa zake, na wapo watu wanaokwenda majini kwa shughuli za mila. Tuliombwa tusipige kelele, tusirushe mawe, na tusichukue kitu ufukweni. Tulitii, na sikuona kwamba tulipungukiwa na chochote.

Ninatoa nyota nne kati ya tano, na nyota ninayoizuia haimhusu mwongozaji. Siku zote nilizokwenda, pale ukingoni watu wanapopumzika palikuwa na chupa za plastiki na karatasi za biskuti zilizotupwa vichakani, na sikuona choo popote tangu tulipoacha nyumba za mwisho. Sehemu mbili au tatu za kijia zinahitaji ngazi za magogo, jambo ambalo vijana wa kijiji wangeweza kulifanya kwa wiki chache kama sehemu ya malipo ya wageni ingetengwa kwa kazi hiyo. Inaniuma, kwa sababu kasoro zote hizo zinarekebishika.

Kwa atakayekwenda: chagua kati ya Juni na Oktoba, lakini Juni na Julai baridi ya Uporoto si ya kuchezea, hivyo sweta na koti la mvua ni lazima hata mbingu zikiwa safi. Vaa viatu vyenye meno, beba fimbo, na patana na mwongozaji mapema kabla hamjaanza kupanda, mkitaja wazi kama mnaishia ukingoni au mnashuka. Ada ya kuingia msituni ni jambo tofauti na ujira wake. Ilipe na udai stakabadhi.

Wenye wazazi wazee au wagonjwa wa magoti wasiwalazimishe kupanda. Ziwa Masoko, lililo upande wa pili wa Tukuyu kwenye barabara ya kwenda Matema, nalo ni ziwa la kasoko, dogo na la mviringo, na gari linafika karibu kabisa na maji. Juu yake limesimama jengo la mawe la jeshi la Wajerumani ambalo baadaye liligeuzwa mahakama, na wenyeji husimulia kuhusu silaha na sarafu zilizotoswa ziwani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Huko ni chini zaidi na joto ni kubwa, kwa hiyo sweta la Ngosi liache garini na uchukue kofia.