Sumaku za jenereta ya upepo: N52 inauzika, N42SH inadumu

Kipande cha sumaku ya neodimiamu cha milimita 46 × 30 × 10 ndicho hufungwa kwenye rota (sehemu inayozunguka) za jenereta nyingi ndogo za upepo. Kina gramu 104 hivi, kimepakwa nikeli, na kwa macho daraja za N52 na N42SH ni mapacha: namba huonyesha nguvu, na herufi za mwisho kama SH huonyesha uvumilivu wa joto. Wauzaji husukuma N52 kwa sababu namba ni kubwa. Sisi tungechukua N42SH.

Zote mbili kiini chake ni Nd₂Fe₁₄B. Kasha moja la fuwele hiyo (kipande kidogo kinachojirudia ndani yake) lina atomu 68: neodimiamu 8, chuma 56, boroni 4. Sehemu kubwa ya nguvu inatoka kwenye chuma. Kazi ya neodimiamu ni kuushikilia usumaku uelekee upande mrefu wa kasha, na joto likipanda, mshiko huo ndio unaowahi kulegea. Kwa hiyo viwanda vinavyotengeneza SH na daraja za juu yake kwa kawaida hutoa sehemu ya neodimiamu na kuweka disprosiamu, metali ya jamii moja nayo. Ioni zake ni ndogo kidogo, kwa hiyo inakaa palepale na kasha linanywea kiasi tu, lakini mshiko wake ni kama mara mbili. Ubaya ni kwamba usumaku wake huelekea kinyume na wa chuma. Nd₂Fe₁₄B safi ina tesla 1.6 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), Dy₂Fe₁₄B, yenye disprosiamu pekee badala ya neodimiamu, ina 0.7 tu. Basi ukiuziwa "N52UH" (UH huvumilia joto kuliko SH) kwa bei ya kutupa, huyo ni mbuzi kwenye gunia.

Kwa namba za kazini: N52 ina tesla 1.45 hivi, N42SH 1.30. Kwa mizunguko ileile N52 itakupa volti kama asilimia 11 zaidi, na faida yake inaishia hapo. Ukinzani wa kufutwa usumaku wa N52 ni takriban kiloampea 876 kwa mita, wa N42SH si chini ya 1,592, na wote hushuka kama asilimia 0.6 kwa kila nyuzi. Kwenye nyuzi 100, N42SH bado ina ukinzani unaolingana na wa N52 ikiwa baridi. Upepo mkali wa usiku ukichemsha koili za stata (sehemu isiyozunguka), sumaku ziko milimita chache tu kutoka hapo. N52 imepangiwa nyuzi 80, na kipande chembamba kisicho na sahani ya chuma nyuma huumia hata kabla.

Kabla ya kufunga rota, pima. Weka gausimita (kifaa cha kupima usumaku) katikati ya uso: N42SH isome karibu tesla 0.29, N52 karibu 0.32. Kisha funga kipande kimoja ndani ya mfuko usiopitisha maji, kichemshe saa nzima, kiache kipoe kabisa, pima tena. (Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, yanatosha.) Usipime kikiwa cha moto, maana kuna upungufu wa asilimia 0.12 kwa kila nyuzi unaorudi wenyewe. Kilichopoa kikiwa kimeshuka zaidi ya asilimia 5, hiyo si SH, hata lebo iseme nini.

Kobalti ni habari nyingine. Inakaa mahali pa chuma na kuinua halijoto ya Curie (ile ambayo sumaku hupoteza usumaku wote), ambayo kwa Nd₂Fe₁₄B ni nyuzi 312, kwa nyuzi kama 10 kwa kila asilimia moja ya chuma inayobadilishwa. Ila haiongezi mshiko, kwa hiyo "ina kobalti" peke yake isikushawishi. Seriamu, metali nyingine ya jamii ya neodimiamu, ndiyo ya kuogopa: hutiwa mahali pa neodimiamu kupunguza bei, na Ce₂Fe₁₄B hupoteza usumaku wote kwenye nyuzi 150 hivi.

Bei ya SH haitashuka karibuni. Tangu Aprili 2025 China inadai leseni kwa disprosiamu na terbiamu (metali nyingine ya kuongeza mshiko) zinazouzwa nje ya nchi hiyo. Ngualla, kule Songwe nchini Tanzania, ni hazina ya neodimiamu na praseodimiamu zaidi, si disprosiamu, kwa hiyo haiondoi tatizo hili.

Kasoro inayobaki, kwa daraja zote mbili, ni nikeli. Kwa chumvi ya pwani mkwaruzo mmoja unatosha kutu kuingia, na sumaku huanza kuvimba pembeni na kumeguka unga. Zimwagie resini rota nzima, kingo zikiwemo, na usitoboe wala kukata kipande chochote.