Dalali wa hisa Mwanza anayeanza na ukurasa wa wanahisa

Katikati ya jiji la Mwanza, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Barabara ya Kenyatta, ipo ofisi ndogo ya wakala wa dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam ambako nimekuwa nikinunua hisa. Jina lake siliandiki, kwa kuwa nina ya kuisifu na nina ya kuilalamikia pia. Kilichonifanya niiandikie tathmini ni desturi yake moja ambayo sijaikuta kwingine: mteja akitaja kampuni anayoitaka, mhudumu haanzi na bei wala gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa, bali hufungua taarifa ya mwaka ya kampuni hiyo kwenye ukurasa wa wanahisa, akamwonyesha ni nani ameshika kiasi gani.

Dada anayehudumu pale ana rula ya plastiki anayoiweka chini ya mstari mmoja baada ya mwingine, huku akisoma jina, idadi ya hisa na asilimia kwa sauti ambayo mtu aliyekaa kwenye benchi la nyuma anaisikia. Nilimsikia akimweleza mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa kutoka mwaloni Kirumba, aliyekuja na nia ya kununua hisa za benki ya NMB: "Mama, kabla hujaweka hela yako, tuangalie kwanza utakaa na akina nani." Akamwonyesha kwamba Arise, kampuni ya uwekezaji iliyorithi hisa za Rabobank ya Uholanzi, ina asilimia 34.9, Serikali ya Tanzania ina asilimia 31.8, na kinachobaki ndicho wanachogawana mifuko, kampuni na watu binafsi, wakiwemo walionunua kwa shilingi 600 hisa zilipouzwa kwa umma mwaka 2008.

Maelezo yaliyofuata ndiyo yaliyonishawishi kwamba ofisi hii inaijua kazi yake. Kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, maamuzi ya kawaida ya mkutano mkuu hupita kwa wingi wa kura, ilhali azimio maalumu, kama lile la kubadili katiba ya kampuni, linahitaji robo tatu ya kura zinazopigwa. Ukijumlisha 34.9 na 31.8 unapata 66.7, maana yake ni kwamba hata wakubwa hao wawili wakikubaliana, robo tatu ya hisa zote hawajaifikia, na wakati huohuo kila mmoja wao peke yake ana zaidi ya robo, hivyo anaweza kulizuia azimio maalumu la mwenzake. Mama yule hakuwa na haja ya kukariri sheria. Alielewa kwamba katika benki hiyo hakuna mmoja anayeamua peke yake, na akaendelea kujaza fomu.

Hali ni tofauti kabisa unapohamia kampuni nyingine. Saruji ya Twiga asilimia 69.25 yake iko mikononi mwa Scancem, ambayo ni ya kundi la Heidelberg la Ujerumani. Kwa hisa hizo mwenye nazo ana uwezo wa kuwaweka na kuwaondoa wajumbe wa bodi apendavyo. Kampuni ya Sigara asilimia 75 ni ya Japan Tobacco, kwa hiyo hata azimio maalumu analipitisha bila kumsubiri mtu wa Mwanza. Sisemi hisa za namna hii ni mbaya, kwa maana mmiliki mkubwa mwenye mtaji na utaalamu anaweza kuiendesha kampuni vizuri na mwanahisa mdogo akala gawio lake kila mwaka. Ninachosema ni kwamba anayezinunua anapaswa kujua kwamba ananunua gawio na bei, na wala si sauti.

Lipo pia suala la kuuza, ambalo wateja wengi hawaliulizi mpaka siku wanapohitaji ada ya shule. Mwenye asilimia 69 hauzi, na mifuko ya hifadhi ya jamii hununua ili ikae miaka mingi, kwa hiyo hisa zinazobadilisha mikono sokoni ni sehemu ndogo tu ya zile zilizoorodheshwa. Matokeo yake ni kwamba oda ya kuuza inaweza kulala siku kadhaa bila mnunuzi, na anayelazimisha iuzike haraka hushusha bei yake mwenyewe. Mhudumu huyu hulisema hilo mapema, hata pale ambapo kulisema kunamkosesha kamisheni, na kwangu huo ni uaminifu wa kupigiwa mfano.

Kwa benki ya CRDB rula ilikaa muda mrefu zaidi. Mfuko wa uwekezaji wa DANIDA, shirika la misaada ya maendeleo la Denmark, una takribani asilimia 21, na PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma uliotokana na kuunganishwa kwa mifuko minne mwaka 2018, una kiasi cha asilimia 13. Baada yao inakuja mifuko na kampuni zenye vipande vidogo, kisha maelfu ya watu wa kawaida. Hapo ndipo nilipotambua kitu ambacho natamani kila mtumishi wa umma wa kanda hii akijue: mwalimu wa shule ya serikali kule Sengerema, ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya dalali, tayari fedha zake za uzeeni zimo ndani ya benki hiyo kupitia mchango unaokatwa kwenye mshahara. Tunaposoma kwamba taasisi fulani inamiliki asilimia kadhaa, tunasoma habari za fedha za watu, na wanaozisimamia fedha hizo wana wajibu wa kusimama kwenye mkutano mkuu na kuuliza maswali.

Baada ya taasisi, mhudumu hufungua jedwali la hisa za wajumbe wa bodi na menejimenti, yaani watu wa ndani. Hapa namba huwa ndogo, na katika kampuni zenye mmiliki wa nje mara nyingi wajumbe walioteuliwa naye hawana hisa hata moja. Ushauri wake ni kulinganisha jedwali la mwaka huu na la mwaka uliopita, kuona nani ameongeza na nani amepunguza. Naukubali, ingawa kwa tahadhari, kwa sababu mkurugenzi anaweza kuuza ili ajenge nyumba bila kampuni kuwa na tatizo lolote, lakini akinunua kwa fedha yake mwenyewe ni vigumu kupata sababu nyingine zaidi ya imani. Marekani mtu wa ndani anatakiwa kutangaza alichonunua au kuuza ndani ya siku mbili za kazi, wakati mwekezaji wa kawaida wa huku anategemea zaidi taarifa ya mwaka. Kinachofanana ni katazo la kutumia siri za kampuni kujinufaisha sokoni, ambalo kwetu limo katika Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994.

Malalamiko yangu ni mawili, na la kwanza ni zito. Baadhi ya nakala za taarifa zilizoko kwenye rafu ni za miaka iliyopita, na ukurasa wa wanahisa uliopitwa na wakati unapotosha kuliko kutokuwa nao. Chukulia Vodacom Tanzania, iliyoorodheshwa mwaka 2017 baada ya kuuza robo ya hisa zake kwa umma kwa shilingi 850 kila moja. Wakati huo Vodacom Group ya Afrika Kusini, moja kwa moja na kupitia kampuni nyingine, ilikuwa na sehemu inayofikia asilimia 61.6, na mwaka 2019 ikaipandisha hadi 75. Anayesoma nakala ya kabla ya hapo anaona wabia ambapo sasa yupo mmoja. Hata nakala mpya huonyesha hali ya siku mwaka wa hesabu ulipofungwa, na baadhi ya mistari hubeba jina la benki inayotunza hisa kwa niaba ya mwingine, hivyo mwenye mali halisi haonekani. La pili ni kwamba uthibitisho wa ununuzi wangu wa mwisho ulichelewa hadi nikaufuata mwenyewe, jambo ambalo ofisi inayoshika fedha za watu haipaswi kulizoea.

Pamoja na hayo, naipendekeza kwa yeyote anayetaka kununua hisa za kukaa nazo, na zaidi kwa anayenunua kwa mara ya kwanza. Anayetaka kununua leo na kuuza wiki ijayo hatapata msaada mkubwa. Nenda asubuhi, kabla benchi halijajaa, ukiwa na kitambulisho cha taifa, picha ndogo na namba ya akaunti ya benki ambako gawio litaingia likiwa limekatwa kodi ya asilimia 5, na ukiletewa taarifa ya mwaka angalia kwanza mwaka ulioandikwa kwenye jalada. Kama si wa karibuni, omba ipakuliwe mpya kwenye kompyuta yao, kwa sababu ukiomba wanafanya hivyo bila kinyongo.