Shawa ya mkono yenye kitufe cha kusimamisha maji: miezi minne bafuni kwetu

Tangu mgao wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar nzima ikawa inabeba madumu, nikiamka naangalia simtanki kabla ya simu. Tunaishi Kimara, tuko watano, tanki ni la lita 2,000 juu ya mnara, na maji ya bomba kwetu huja siku mbili kwa wiki. Kwa hiyo niliponunua shawa hii sikuwa natafuta urembo wa bafu. Nilitaka tanki lifike siku ya maji.

Ni ile ya plastiki inayoonyesha ndani, ina vijiwe vya rangi kwenye mpini, na uso wake ni bati jembamba lenye matundu madogo kama ya sindano. Shingoni ina kitufe: ukibonyeza maji yanasimama, ukibonyeza tena yanaendelea. Niliipata Gerezani, Kariakoo, kwa shilingi 18,000, na mpira wake 7,000.

Kabla sijaifunga nilipima ile ya zamani, sahani kubwa ya duara. Ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde 48, yaani lita 12 na nusu kila dakika. Mpya ilijaza ndoo ileile kwa sekunde 90, chini kidogo ya lita 7 kwa dakika. Kwa joto la Dar tunaoga mara mbili kwa siku. Dakika tano tano kwa watu watano ni dakika 50: sahani ilikuwa inakula lita 625 kwa siku, mpya inakula kama 333. Tanki ambalo kwa kuoga tu lingekauka siku ya nne, sasa linafika siku ya sita.

Mama mkwe hakuridhika na hesabu hiyo. Yeye huoga kwa ndoo na kopo, na ndoo ya lita 20 haimalizi. Akaniuliza, "Mama Neema, hizo dakika zako tano ni lita ngapi?" Thelathini na tatu. Alikuwa sahihi kabisa, ndoo yake ilikuwa bado inaishinda shawa yangu mpya.

Hapo ndipo nikaona thamani ya kile kitufe, ambacho siku za mwanzo tulikuwa hata hatukigusi. Jiloweshe, bonyeza, jipake sabuni, sugua mgongo na nyayo bila haraka, bonyeza tena ujisuuze. Nilipima kwa saa ya simu: maji yalitoka dakika 2 na sekunde 20 tu, kama lita 15 na nusu. Watoto wamezoea kwa wiki moja. Na mama mwenyewe, ambaye magoti yanamsumbua, siku hizi anaoga amekaa kwenye kiti cha plastiki, shawa mkononi, bila kuinama kuchota. Kwangu hilo peke yake linalipa ile 25,000.

Sasa suala la presha, maana ndilo linalowafanya wengi wanunue kisha wazing'oe. Namba za kwenye maboksi hupimwa kwa presha kubwa. Lebo ya WaterSense ya Marekani, ya vifaa vinavyookoa maji, kwa mfano, inataka kichwa cha shawa kisizidishe lita 7.6 kwa dakika, lakini kwa presha ya karibu baa 5.5 (baa ni kipimo cha presha). Tanki la mnarani kwetu linatoa kama baa 0.1 kwa kila mita ya kimo, na langu liko mita nne juu ya shawa. Kichwa kilichotengenezwa kwa mabomba ya huko kinaweza kukudondoshea matone tu. Hiki cha matundu ya sindano kinabana maji yakatoka kwa nyuzi kali, na povu linatoka kichwani vizuri, hata kwenye nywele zangu zilizosukwa. Tanki lako likiwa mita moja tu juu ya bafu, sikushauri. Baki na kopo, au nyanyua mnara kwanza.

Vijiwe nilivitoa. Muuzaji alisema vinasafisha maji, mimi sikuona tofauti yoyote, na vilipotoka ndoo ikajaa kwa sekunde 86. Matundu nayo huziba. Maji ya bomba yakikosekana tunanunua boza la kisima, yana chumvi, na baada ya mwezi nyuzi zinaanza kwenda kombo. Nafungua ule uso, naulaza kwenye siki usiku kucha, asubuhi nausugua kwa mswaki wa zamani.

Kitufe hakifungi asilimia mia, hubaki na matone. Ukimaliza kuoga funga koki ya ukutani, usikiachie kitufe kazi ya koki. Sisi tulisahau usiku mmoja, mpira ukakaa na presha hadi ukapasuka kwenye nati, na tukapoteza karibu robo ya tanki. Nilinunua wa chuma kwa 12,000, nikazungushia tepu nyeupe ya mafundi, haujavuja tena.

Na kama una hita ya umeme inayopasha maji palepale kwenye shawa, usifunge kitu hiki mbele yake. Nyingi hutakiwa njia ya kutokea maji ibaki wazi, na kuyazuia huku hita imewaka ni hatari. Muulize fundi umeme kwanza.